Balozi na Mpinzani: Kasanga Tumbo na Maneno ya Siasa ya Miaka ya Uhuru

Kusini ya mji wa Tanga, kwenye njia iendayo Pangani, kipo kijiji cha Tongoni. Kando yake yamesimama magofu ya msikiti wa kale na makaburi mengi, mengine yenye nguzo, ambayo watu wa mwambao waliyajenga kabla ya Wareno kufika mwaka 1498. Jina la mahali hapo halihitaji maelezo marefu kwa mjuzi wa Kiswahili. Tongo, kwa wingi matongo, ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Na Tongoni ni hapo penye matongo. Watu wengine waliondoka, wengine wakaja kukaa kando, na jina likabaki kueleza yaliyotokea.

Siasa nazo zina matongo yake. Vyama vya upinzani vilivyozaliwa Tanganyika karibu na uhuru vilihamwa upesi sana, wala havikuacha jengo hata moja la kutazamwa. Vilichoacha ni maneno. Makala haya yanafuata maneno matano, yaani mgomo, raia, balozi, mpinzani na kizuizi, katika maisha ya mtu mmoja aliyepitia yote matano kwa muda wa miaka minne tu. Mtu huyo ni Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, mbunge, mwakilishi wa Tanganyika mjini London, kiongozi wa chama cha upinzani, na mwishowe mtu aliyewekwa kizuizini. Nia si kumsifu wala kumlaumu. Nia ni kuuliza kama lugha ilikuwa na mahali pa kumweka mtu wa namna yake, na kama mahali hapo palilingana na pale alipowekwa na sheria.

Mgomo

Haifai kuyaanza maelezo ya Tumbo na Bunge, kwa sababu nguvu zake hazikutoka huko. Zilitoka relini. Njia ya reli ya kwanza katika nchi hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 uliletwa mkonge, ambao baadaye ulijaza mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani. Reli, bandari na mkonge vilikusanya watu wa makabila mengi katika kazi ya mshahara, na Kiswahili kikawa lugha ya madai yao. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, miaka 15 kabla TANU haijazaliwa.

Kugoma ni neno la nyumbani kabla halijawa neno la vyama. Punda akigoma hatembei, na mtoto akigoma hali. Asili yake ni ukaidi wa kiumbe mmoja asiyetaka kusogea. Vyama vya wafanyakazi vilipokua, hasa baada ya Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika kuundwa mwaka 1955, neno mgomo lilitoka katika ukaidi likaingia katika utaratibu. Mgomo ukawa jambo linalopangwa, linalotangazwa, linaloanzwa na kumalizwa kwa mapatano. Aliyegoma hakuwa mkaidi tena, alikuwa upande mmoja wa mashauri yenye pande mbili.

Mgomo wa reli wa mwaka 1960, ulioongozwa na chama cha Tumbo, uliendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Reli hizo hazikuwa za Tanganyika peke yake, zilikuwa chini ya mamlaka ya pamoja ya Afrika ya Mashariki, na vyeo vyake vya juu vilishikwa na Wazungu na Waasia. Kwa hiyo dai la mshahara lilichanganyika na dai la kuwapa Waafrika vyeo hivyo bila kukawia. Madai hayo mawili Tumbo aliyachukua pamoja naye alipoingia Bungeni.

Raia

Uchaguzi ulifanyika Agosti 1960. Viti vilivyogombewa vilikuwa 71, na TANU ikapata 70. Katika viti hivyo, 58 vilichukuliwa na watu waliopita bila kupingwa. Usemi huo, kupita bila kupingwa, umedumu katika siasa mpaka leo, na yafaa uangaliwe vema. Kitenzi pinga asili yake ni kuweka kitu kukingama njia: mlango hupingwa kwa gogo, mto hupingwa kwa mti. Mgombea asiyepingwa ni mtu ambaye njia yake haina kitu kilichokingama. Usemi wenyewe hauhukumu kama ukosefu huo wa kikingamo ni heri au ni upungufu. Hata kiti kimoja ambacho TANU ilikikosa, huko Mbulu, hakikuchukuliwa na chama kingine; kilichukuliwa na mwanachama wake mwenyewe aliyesimama kwa nafsi yake.

Basi Bunge la kwanza lilikuwa na chama kimoja tangu kabla ya sheria kusema hivyo, na aliyetaka kubisha alibisha akiwa ndani. Hayo yalidhihirika Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Muswada wa Uraia ulipojadiliwa. Serikali ilitaka uraia usitazame rangi ya mtu. Tumbo alikuwa miongoni mwa wabunge waliopinga. Kwao uhuru ulikuwa wa Waafrika waliotawaliwa, na watu wa asili nyingine hawakupaswa kuupokea uraia kwa urahisi namna ile. Mwalimu Nyerere alijibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Alisema kwamba kuwabagua watu kwa rangi ndilo jambo lile lile lililokuwa likipigwa vita, na kwamba Serikali ilikuwa tayari kujiuzulu ikiwa Bunge lingekataa msingi huo. Muswada ulipita.

Neno lenyewe raia lilikuwa likigeuka maana katika siku hizo. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya watu walio chini ya mfalme au sultani, watu wanaochungwa. Katika mwambao wa karne ya 19 raia alikuwa mtu wa kutawaliwa. Mwaka 1961 neno hilo hilo lilitakiwa limtaje mtu mwenye nchi. Mabishano ya Oktoba yalikuwa mabishano juu ya nani ahamishwe kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili. Hapana budi kukiri kwamba katika shauri hilo Tumbo alisimama upande ambao wengi leo hawangependa kuutetea. Jambo hilo halifai kufichwa, kwa sababu haki ya kupinga haiwi haki ikiwa ni ya wale tu wenye maoni mema.

Balozi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akaushika Rashidi Kawawa, ambaye mwenyewe alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi. Michael Kamaliza, kiongozi mwingine wa Shirikisho, akawa waziri mwenye kusimamia kazi. Tumbo akapelekwa London kuiwakilisha nchi. Hivyo watu watatu wa vyama vya wafanyakazi walipewa vyeo vitatu, lakini wawili walibaki Dar es Salaam na wa tatu alivuka bahari.

Nchi za Jumuiya ya Madola hupelekeana wawakilishi wenye jina la cheo lililo mbali kidogo na lile la mabalozi wa nchi nyingine. Kiswahili hakikushughulika na tofauti hiyo; wote kiliwaita mabalozi. Neno balozi lilikuwa na umri mkubwa mwambao. Wataalamu hulifuata nyuma kupitia Kituruki mpaka kwa wajumbe wa Venisi, na Unguja ya karne ya 19 ililitumia kwa mawakili wa mataifa ya kigeni, kama yule wa Marekani aliyefika mwaka 1837 na wa Uingereza aliyefika mwaka 1841. Balozi basi alikuwa mgeni, mtu wa kwao aliyekaa kwetu akisema maneno ya mkubwa wake. Uhuru ulilipindua neno hilo: kwa mara ya kwanza balozi akawa mtu wa kwetu aendaye kwao.

Jambo moja halikupinduka. Balozi hana maneno yake mwenyewe. Akisema, husema aliyemtuma. Katika desturi ya Waswahili mjumbe hauawi, na sababu yake ndiyo hiyo: ujumbe si wake. Heshima ya balozi na ukimya wake hutoka mahali pamoja. Kumpa ubalozi mtu mwenye sauti ya kupinga ni kumpa heshima ambayo sharti lake ni kuiacha sauti hiyo. Kama hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya waliomtuma Tumbo au siyo, matokeo ya cheo yalikuwa hayo hayo.

Jambo hili halikuwa la Tumbo peke yake. Othman Shariff wa Unguja, aliyetengana na chama cha Afro-Shirazi kabla ya uhuru wa Zanzibar wa Desemba 1963, baada ya Mapinduzi na Muungano wa 1964 alikuwa balozi wa Tanzania mjini Washington. Mwaka 1969 alikamatwa huko Bara akapelekwa Unguja, na huko akauawa. Ubalozi ulimweka mbali kwa muda, haukumpa ulinzi wa kudumu.

Mpinzani

Tumbo hakukaa sana London. Katikati ya mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizobana mgomo, zikataka ugomvi wa kazi upelekwe kwanza kwenye usuluhishi na hukumu, na kuviweka vyama vya wafanyakazi chini ya uangalizi mkubwa zaidi wa Serikali. Mtu aliyeinuliwa na mgomo wa reli sasa alitakiwa aiwakilishe ng'ambo serikali iliyokuwa ikiufunga mgomo. Mwaka huo huo alijiuzulu, akarudi nyumbani, akaongoza chama kipya kilichojiita cha demokrasia ya watu.

Wakati huo vilikuwapo vyama vingine vidogo vya upinzani, na maarufu zaidi kilikuwa Kongresi ya Zuberi Mtemvu, aliyeitoka TANU mwaka 1958 baada ya mkutano wa Tabora. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 Mtemvu alipata kura 21,276, na Nyerere kura 1,127,978. Hesabu hizo zaonyesha udhaifu wa upinzani kwa idadi. Lakini udhaifu wa idadi ni jambo moja, na kukosa mahali katika sheria ni jambo jingine. Hapo ndipo sarufi inapoweza kusaidia.

Kutokana na pinga Kiswahili kimeunda majina mawili ya mtendaji ambayo hayafanani kazi. La kwanza ni mpinga, ambalo halisimami peke yake vema, hutaka kitu kinachopingwa: mpinga Kristo, mpinga maendeleo. Katika muundo huu kuna mtu mmoja na kitu kimoja. Kitu hicho hudhaniwa kuwa chema, na mtu huyo hukingama njia yake. La pili ni mpinzani. Sauti ng ya pinga imegeuka nz, kama inavyogeuka katika jenga na mjenzi, na ndani yake kimetiwa kiambishi -an-, kile cha kutendana. Wapinzani hupinzana. Mpinzani hawezi kuwapo peke yake, kwani kila aliye na mpinzani naye ni mpinzani wa mwenziwe. Neno lenyewe limeweka watu wawili katika uwanja mmoja, uso kwa uso, kila mmoja akimkingamia mwingine.

Watu wa mwambao hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo na mabunge ya ng'ambo. Wanalo katika ushairi. Kujibizana, ambalo nalo limejengwa kwa kiambishi hicho hicho, ni desturi iliyolea malenga tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, ikaendelea katika kurasa za magazeti ya karne ya 20. Tanga, nchi ya Shaaban Robert aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 akafa Juni 1962, haikuwa na uhaba wa washairi wa kujibizana. Katika fani hiyo mshairi humtafuta mpinzani, humwita kwa jina, na akimkosa hana shairi la kujibu. Ukali upo, kejeli ipo, lakini anayejibiwa hafukuzwi barazani.

Ilitetewa wakati ule kwamba vyama viwili ni desturi ya kigeni. Nyerere, katika maandiko yake ya mwaka 1963 juu ya demokrasia na vyama, alishika hoja kwamba chama kikiwa ni taifa zima, demokrasia yaweza kuwa imara zaidi ndani yake kuliko palipo na vyama viwili vinavyogombea kama timu za mpira. Aidha alizoea kuwataja wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Hoja hiyo ina uzito, na hesabu za 1960 na 1962 ziliisaidia. Lakini hata chini ya mti wazee huzungumza kwa sababu hawajakubaliana. Kabla ya kukubaliana kuna kupinzana, na anayepinzana nao bado ni mzee mwenzao.

Kizuizi

Septemba 1962 Bunge lilipitisha sheria iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani. Kiswahili kinatenga kwa uangalifu maneno ya namna hii. Mfungwa ana kifungo, na kifungo kina hukumu na hesabu ya miaka. Kizuizi ni kitu kinachozuia, kama boma au ukuta wa kuzuia maji. Hakina hukumu wala hesabu, na huondolewa aliyekiweka anapotaka. Basi kikingamo kimehama upande. Kwanza alikingama mpinzani katika njia ya serikali. Sasa serikali imekingama katika njia ya mpinzani, na hakuna mwamuzi kati yao.

Mambo yaliyofuata yalifululiza. Januari 1963 halmashauri ya TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja. Mwezi huo huo Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wale ambao nguvu yao ilikuwa katika mashamba ya Tanga, alihamishwa kwa amri akapelekwa Sumbawanga, upande wa pili kabisa wa nchi. Tumbo alikwenda kukaa Kenya. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, na uasi huo ulipozimwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Tumbo alirudishwa kutoka Kenya akawekwa kizuizini. Februari Shirikisho la Wafanyakazi likavunjwa, pakaundwa kwa sheria chama kimoja, NUTA, na Kamaliza akawa katibu mkuu wake.

Katiba ya muda ya Julai 1965 ilimaliza kazi. Katika uchaguzi wa Septemba mwaka huo, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akitambulika kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba. Mawaziri kadhaa walishindwa, na hayo yanathibitisha kwamba wapiga kura hawakuwa wa bandia. Lakini maana ya mpinzani ilikuwa imefinyika: sasa alikuwa mtu anayegombea kiti na mtu, si fikira inayopinzana na fikira. Kwa aliyebisha nje ya hapo lilibaki lile jina la kwanza, lisilo na kiambishi cha kutendana: mpinga maendeleo, mpinga ujamaa. Balozi naye alishuka mtaani. TANU ilipojipanga kwa mashina ya nyumba kumi kumi, watu walizoea kumwita kiongozi wa shina balozi, na neno lililomtaja mjumbe wa mataifa likawa la jirani aliyeyachukua maneno ya chama kuyafikisha kwa kaya kumi, na habari za kaya hizo kuzifikisha kwa chama.

Mahame yanayorudiwa

Mwaka 1992 sheria iliruhusu tena vyama vingi, na maneno yaliyokuwa yamelala yakaamka bila kuhitaji kamati ya istilahi. Watu walisema upinzani, wakasema kambi ya upinzani, na baada ya uchaguzi wa 1995 Bunge likapata kiongozi wa upinzani. Miongoni mwa walioanzisha vyama vipya alikuwa Chifu Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Neno mpinzani lilikuwa limekaa miaka 27 pasipo nyumba ya kisheria, wala kiambishi chake hakikuchakaa.

Lakini kurudi kwa neno si kurudi kwa maana yote. Mwenye kusikiliza hotuba za kisiasa za miaka iliyofuata 1992 atasikia mara nyingi mpinzani likitamkwa mahali pa mpinga, yaani mtu anayekingama njia ya nchi, si mwenzi wa mashauri. Makosa hayo si ya sarufi, ingawa sarufi huyafichua. Hutokea pale msemaji anaposahau kwamba kwa kumwita mtu mpinzani amekwisha kukiri kuwa yeye mwenyewe ni mpinzani wa mtu huyo, na kwamba wako sawa katika uwanja huo hata wasipokuwa sawa kwa kura.

Kasanga Tumbo hakuwa mtu wa kufanyiwa sanamu. Katika shauri la uraia alikosea, na chama chake hakikupata nafasi ya kupimwa na wapiga kura. Thamani ya mfano wake ni hii: nchi changa ilikuwa na cheo cha kumpa akinyamaza na kizuizi cha kumweka akisema, lakini kati ya ubalozi na kizuizi haikuwa na kiti cha tatu. Lugha ilikuwa nacho. Wakazi wa Tongoni wamelima na kuvua kando ya makaburi ya watu waliowatangulia, wakalihifadhi jina la mahame bila kulionea haya. Watafiti wa Kiswahili nao wana kazi ya namna hiyo katika matongo ya siasa: kuyaandika maneno haya pamoja na tarehe zake na watu waliowahi kukaa ndani yake, ili atakayeyatumia ajue ni nyumba ya nani aliyoingia.